Mji ukibadilika, nani hushika brashi? Sanaa ya jamii na ufufuaji wa mji wa Lamu

Gusia habari ya "kurembesha mji" kwenye baraza yoyote ya Lamu, na watu watagawanyika kabla kahawa haijapoa. Wapo watakaosema kuta zenye michoro na pwani iliyonyooshwa ni maendeleo, na anayelalamika ana lake. Wapo watakaosema hiyo ni rangi ya kutupumbaza huku nyumba zinauzwa. Kisha atatokea kijana anayejitambulisha kuwa msanii wa jamii, na pande zote mbili zitamkazia macho. Jamii ipi? Nani kamtuma?

Swali hilo lina haki yake, na haliwezi kujibiwa kwa kuutazama mchoro peke yake. Kwanza tuyatenganishe mambo matatu ambayo hutiwa chungu kimoja.

Ufufuaji wa mji ni kazi ya kurudisha uhai mahali palipochakaa: mitaro inazibuliwa, ukuta wa pwani unajengwa upya, nyumba zilizolala zinasimamishwa, biashara inaitwa irudi. Uhifadhi ni kulinda kilichopo kisipotee, hata kama mwaka huu hakiingizi shilingi. Hayo mawili hukutana mara nyingi, na hugombana mara nyingi vilevile, kwa sababu mfufuaji anatazama mji utakavyokuwa na mhifadhi anatazama mji ulivyo. Sanaa ya jamii ni jambo la tatu: ni kazi ya sanaa ambayo wakazi wana kauli katika kuamua iwe nini, ikae wapi, iseme nini.

Kauli ndiyo inayohesabika hapo, si lazima kila mtu ashike brashi. Pilau ya harusi ya mtaani hupikwa na mpishi mmoja, naye hulipwa, lakini mchele umechangwa, sufuria zimeazimwa kwa majirani, na wazee wameulizwa siku. Chakula cha hotelini kinaweza kuishinda kwa utamu, ila hakiwi pilau ya mtaa kwa kuwa kimeliwa mtaani.

Sasa, ni mabadiliko gani hasa yanayoisumbua Lamu? Yapo ya haraka na yapo ya polepole, na watu huyachanganya.

Ya haraka ni yale yanayoonekana kutoka angani. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa LAPSSET: bandari iliyopangwa kuwa na gati 32, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, upande wa bara, ng'ambo ya maji kutoka mji wa kale. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ikatiwa lami. Safari iliyokuwa ya kuomba Mungu ikawa ya kawaida, na bei ya ardhi ikapanda kabla hata meli hazijazoea njia.

Ya polepole hayana sherehe ya uzinduzi. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, aliijenga babu wa babu. Leo warithi ni wengi: mmoja yuko Mombasa, wawili wako Uarabuni, mwingine hajulikani aliko, na kila mmoja ana fungu lake kwa sheria ya mirathi. Paa likianza kuvuja, nani atalipa? Kukarabati nyumba ya kale si kununua mifuko ya saruji tu. Kunataka chokaa, fundi anayeijua chokaa, na boriti za mikoko, na marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilipogusa mikoko hata boriti zikawa taabu. Wakati ndugu wakiendelea kujadiliana, anafika mnunuzi mwenye fedha taslimu. Ndugu wanagawana pesa, nyumba inatengenezwa vizuri mno, na inakaliwa wiki chache kwa mwaka. Shela, kijiji jirani kisiwani, waliyaona haya mapema kuliko mji. Hakuna aliyefukuzwa kwa nguvu, kila kitu kilikwenda kwa hati, lakini mtaa mzima unaweza kubadilisha watu bila jiwe moja kubomolewa.

Ni hili la pili, kwa maoni yangu, linalohitaji sanaa zaidi, kwa sababu halina bango la mradi la kuandamana mbele yake.

Msanii kutoka nje akiambiwa "sanaa ya jamii," wazo linalomjia kwanza ni mchoro mkubwa ukutani. Nairobi mchoro huo unafaa. Katika Mji wa Kale wa Lamu mara nyingi haufai, na sababu zake ni za kifundi kabla hazijawa za kisheria wala za dini.

Ukuta wa nyumba ya kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake kiasi cha nusu mita. Chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuuachia jua likitoka. Ukiifunika kwa saruji, au kwa rangi ya mafuta inayotengeneza ngozi isiyopitisha hewa, maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Chumvi iliyo ndani ya matumbawe husukuma kutoka ndani, plasta inavimba, inabanduka vipande vipande, kisha jiwe lenyewe linaanza kuliwa. Mchoro uliopigwa picha na maelfu siku ya uzinduzi unaweza kuwa ndio unaoumaliza ukuta uliobeba ghorofa mbili. Wapo mafundi Lamu wanaoyajua haya tangu utotoni, lakini si kawaida yao kualikwa kwenye kikao cha "ubunifu".

Halafu kuna suala la nafasi. Usita, yaani njia ipitayo katikati ya nyumba, ni mwembamba. Mchoro wa mita tano unataka mtazamaji arudi nyuma mita kumi, na ukirudi nyuma hatua tatu hapo, umegonga daka, baraza ya mlangoni, la jirani au umekutana na punda mwenye mzigo wa mchanga, naye hapishi mtu.

Jambo zito zaidi ni mantiki ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Lamu huficha uzuri wake. Nje ni ukuta mtupu. Ukipita daka na kiwanda (ua wa ndani) ukafika ndani ndipo unapoona zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizopangwa ukuta mzima, plasta iliyochongwa, dari ya boriti. Kwa nje kitu kinachoruhusiwa kusema ni mlango, nao husema kwa nakshi: majani, mizabibu, maumbo ya hesabu, wakati mwingine aya. Kuchora sura ya bibi kizee anayecheka kwenye ukuta wa namna hiyo ni kuilazimisha nyumba ipige kelele, na nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya sitara. Ongeza hapo kwamba katika mji wenye misikiti kila mtaa, wengi hawaridhii picha za viumbe hai hadharani. Msanii anaweza kuona hicho ni kikwazo. Wachonga milango wa Siyu na Lamu walikiona kuwa ndicho kilichowafikisha walipofika.

Sheria inaingia baadaye. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na leo unalindwa pia na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba mabadiliko, hata ya nje tu, yanahitaji idhini, na kwa msanii ni kwamba ruhusa ya mwenye ukuta peke yake haitoshi. Nje ya mstari huo, kwenye mitaa mipya ya matofali nyuma ya mji, na kwenye kuta za shule, hali ni nyingine. Huko mchoro una nafasi, na ajabu ni kwamba huko ndiko wafadhili wasikokwenda, maana hakupendezi kwenye picha za watalii.

Je, Waamu, wenyeji wa Lamu, walikosa sanaa ya kuyajibu mabadiliko kabla ya makopo ya rangi kuwasili? Hapana. Walikuwa nayo nyingi, ila haikai ukutani.

Ya kwanza ni shairi. Katika visiwa hivi, tangu enzi za Pate, mji uliochakaa umekuwa ukiombolezwa, kuonywa na kusutwa kwa beti. Desturi hiyo haijafa. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana zaidi kama Ustadh Mau, ni imamu na mshairi wa Lamu ambaye kwa miongo kadhaa ametunga juu ya mambo yanayowasumbua watu wa mji wake, na bandari mpya ni mojawapo. Tungo za namna hii zilisambaa kwa kaseti, leo zinasambaa kwa simu. Zinasikilizwa jikoni, dukani, kwenye mashua. Msikilizaji asiyekubaliana naye anaweza kujibu kwa beti zake, kwa bahari na vina vilevile. Mchoro wa ukutani haukupi nafasi hiyo ya kujibu. Ukitafuta sanaa yenye kauli ya jamii ndani yake, umeipata, tena haihitaji ngazi.

Ya pili ni kazi ya mikono ya bahari. Matanga yaliyochakaa hushonwa na kuchorwa maneno na maumbo, mbao za majahazi yaliyokufa hugeuzwa fremu na viti. Biashara, naam, na nyingine ni ya kumpendeza mgeni tu. Lakini chukua Flipflopi, jahazi la mita tisa lililojengwa Lamu kwa kiasi cha tani kumi za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara zipatazo 30,000. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, mjenzi wa majahazi wa Lamu. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Zanzibar. Wazo halikuanzia kwa mafundi peke yao, wadau wa nje walikuwamo tangu mwanzo, na wapo wanaosema kwa hiyo si sanaa ya jamii. Sikubaliani nao. Ufundi ni wa hapa, taka ni za ufuo wa hapa, na mafundi ndio walioamua ubao wa plastiki utapindwaje hadi ukae kwenye taruma, mbavu za jahazi. Jahazi hilo lilisema jambo juu ya mji unaobadilika katika lugha ambayo mvuvi yeyote wa Matondoni anaisoma.

Kanga inajulikana, na vifijo vya wanawake arusini pia. Sitakaa hapo.

Upo mfano mwingine ambao watu huusahau kwa kuwa wanaupita kila siku: ngome iliyo mbele ya uwanja wa Mkunguni. Ilianza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821. Serikali ya kikoloni ikaifanya jela, na jela ikabaki hadi mwaka 1984 ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa. Leo huandaliwa humo maonyesho, mikutano na hafla za wenyeji. Hilo ni jengo lililofufuliwa kwa maana kamili. Halikuhitaji kugeuzwa hoteli ili liwe na uhai, na msanii wa mtaa wa Langoni akitaka kuning'iniza kazi yake, ukuta wa kupigilia msumari upo bila kuharibu nyumba ya mtu.

Kutoka hapo naweza kuyagusa maneno manne yanayozunguka mitaani, ambayo yana chembe ya kweli na chumvi nyingi.

La kwanza ni kwamba sanaa ndiyo inayopandisha bei na kuwafukuza watu. Kuna mifano inayotia hofu. Mtaa wa Wynwood, Miami, ulikuwa wa maghala. Mwaka 2009 mwekezaji wa majengo Tony Goldman alifungua uwanja wa michoro akijua vizuri kwamba michoro huita watu, na watu huita bei. Berlin mwaka 2014, michoro miwili mikubwa ya msanii Blu katika mtaa wa Kreuzberg ilipakwa rangi nyeusi kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa sababu kiwanja kilichokuwa mbele yake kilikuwa kinajengwa na hakutaka kazi yake iwe chambo cha kuuzia nyumba. Lakini tazama kisa na mkasa. Miami, mchoro ulitumika na mtu ambaye tayari ameshika ardhi. Lamu bei ilipandishwa na lami, bandari, uwanja wa ndege wa Manda na sifa ya mji wenyewe. Sanaa inaweza kuharakisha, au kupamba kilichokwisha kuamuliwa. Ukitaka kujua itafanya lipi, uliza ardhi iko mikononi mwa nani.

La pili: "UNESCO ndiyo yenye mji." Lamu iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, eneo la hekta 16 hivi. UNESCO haimiliki hata kizingiti. Nyumba ni za watu, misikiti ni ya wakfu, na sheria inayotumika ni ya Kenya. Kinachoweza kufanywa na Kamati ya Urithi wa Dunia ni kuonya, kuuweka mji kwenye orodha ya walio hatarini, au kuufuta kabisa. Kufutwa si hadithi: Liverpool iliondolewa mwaka 2021, na sababu kubwa ilikuwa majengo mapya ya ufufuaji wa bandari yake ya zamani. Wala orodha hailindi paa lisianguke. Beit-al-Ajaib ya Zanzibar iko ndani ya Mji Mkongwe, ulioorodheshwa mwaka 2000, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

La tatu linapendwa sana na wanaharakati vijana, nami naogopa kuwavunja moyo: kwamba sanaa inaweza kuuzuia mradi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ulikiuka haki za wenyeji, ikiwemo haki ya utamaduni na ya kupata habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, hoja kuu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi zote mbili zilibebwa na viapo, mawakili na watu waliokubali kusimama mahakamani kwa miaka. Hakuna aliyewasilisha mchoro kama ushahidi. Lakini fikiri hili: mahakama ilipokubali kwamba utamaduni wa Waamu ni haki inayoweza kukiukwa, ilikubali kwa kuwa watu waliweza kuueleza utamaduni huo. Mvuvi aliyezoea kusikia maisha yake yakiimbwa hajui aibu anapoulizwa na wakili ayaeleze. Kazi ya sanaa iko hapo, kabla ya kesi, na ni kazi ndefu isiyopigwa picha.

La nne ni dogo ila linaumiza mifuko: kwamba kwa vile ni "ya jamii," msanii ajitolee. Mkandarasi wa mtaro analipwa, aliyeandika ripoti ya mradi analipwa, na anayeombwa "moyo wa kujitolea" ni mchonga nakshi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa msanii haki juu ya kazi yake hata akiifanyia mtaani kwao, ila kazi aliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Tofauti moja zaidi, kwa sababu inazua maneno kila mwaka. Tangu mwaka 2011 wachoraji kutoka Ulaya, na baadaye wa Kenya pia, wamekuwa wakialikwa Lamu kuchora mitaa, majahazi na watu wake. Kazi nyingine ni nzuri sana. Hiyo ni sanaa kuhusu Lamu, na hakuna ubaya kuitwa hivyo. Haiwi sanaa ya jamii kwa kuwa mtoto wa Shela amesimama mbele ya kitambaa akichorwa, na haidai kuwa. Taabu huanza pale mradi wa ujenzi unapoonyesha picha za namna hiyo kama ushahidi kwamba wananchi wamehusishwa.

Basi ukiitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu kurembesha mtaa wako, uliza mambo yanayojibika. Ukuta ni wa nani, na warithi wote wamekubali au ni yule tu aliyepatikana? Rangi ni ya aina gani, na fundi wa chokaa amesema nini? Michoro ilichaguliwa lini: kabla ya kikao hiki au baada? Wanawake waliulizwa wakiwa peke yao, au walikalishwa nyuma ya wanaume na kuulizwa kama wana la kuongeza? Fungu la kupaka upya baada ya masika mawili liko wapi kwenye bajeti? Ukiona swali la mwisho linaleta kikohozi mezani, umejua kuwa kazi hiyo imekusudiwa siku ya uzinduzi tu.

Na kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, soma kichwa chake. Vikao vingine huorodhesha majina kama "waliohudhuria", vingine kama "waliokubali", na wino ni uleule. Omba nakala ya muhtasari. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 zinakupa haki hiyo, na ofisi ya umma hupewa siku 21 kukujibu.